Sensa ya Vali ya EGR na Volti Zinazopotea Kufumba na Kufumbua

Kwa wiki tatu gari langu la dizeli lilikuwa na tabia moja isiyobadilika. Asubuhi liliwaka vizuri, likatulia na kuvuta bila shida yoyote. Lakini baada ya kama dakika 20 za safari, injini ikiwa imeshapata moto sawasawa, taa ya injini iliwaka kwenye dashibodi, na tangu hapo nguvu ilipungua kiasi cha kunilazimu kushusha gia kwenye mlima ambao siku zote huupanda kwa gia ya 4. Nikilizima na kuliacha lipoe, nguvu ilirudi huku taa ikibaki inawaka. Nimekuwa nikitengeneza magari yangu mwenyewe kwa miaka mingi, na najua kwamba hitilafu inayokuja na joto na kuondoka na baridi ndiyo inayowafanya watu wengi wabadilishe vifaa vizima. Kwa hiyo niliamua kwamba safari hii sitafungua boliti hata moja ya kubadilisha kitu kabla ya kuuona ubovu wenyewe kwa mita. Uamuzi huo niliukiuka mara moja, kama nitakavyoeleza.

Mashine ya kusomea misimbo ilitoa msimbo mmoja tu: P0405. Herufi P inahusu injini na mfumo wa kuendesha magurudumu, na ile 0 inayoifuata inaonyesha kwamba msimbo ni wa kawaida uliokubaliwa na watengenezaji wote, hivyo maana yake ni ileile kwa kila gari. P0405 inasema kwamba saketi ya sensa inayopima mkao wa vali ya EGR, yaani vali inayorudisha moshi kwenye injini, inatoa volti za chini kuliko inavyotakiwa. Naomba msomaji alitazame sana neno hilo saketi, maana ndilo watu wengi huliruka. Kompyuta ya injini haina macho ya kuiona sensa. Inachokiona ni volti zinazofika kwenye pini yake, na kati ya pini hiyo na sensa kuna nyaya, soketi, ethi (njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri), na umeme wa volti 5 ambao kompyuta yenyewe inautoa. Chochote kati ya hivyo kikiharibika, msimbo unaweza kuwa huohuo.

Kabla sijaendelea, ni vyema nieleze vali hii inafanya nini. Hewa inayoingia kwenye injini ina nitrojeni kwa kiasi cha asilimia 78, na joto la mwako linapopanda sana ndani ya silinda, nitrojeni hiyo huungana na oksijeni na kuwa oksidi za nitrojeni, ambazo ni sumu kwa mapafu. Vali ya EGR huchukua sehemu ya moshi uliokwisha kuungua kutoka upande wa ekzosi na kuurudisha kwenye manifoldi ya kuingizia hewa. Kwa kuwa moshi huo una oksijeni kidogo na hufyonza sehemu ya joto, mwako hupungua ukali wake na oksidi hizo hazitengenezwi kwa wingi. Kazi yote ya vali ni kufunguka kwa kipimo. Ikikwama wazi wakati injini imetulia, injini hukosa hewa safi, hutetemeka, na wakati mwingine huzima. Ikizidisha moshi kwenye injini ya dizeli, moshi mweusi hutoka nyuma. Na ikikataa kufunguka kwenye baadhi ya injini za petroli, utasikia injini ikigonga unapokanyaga mafuta mlimani. Ndiyo maana kompyuta haitosheki na kutoa amri ya kufungua. Inataka kujua vali imefika wapi hasa, na jibu hilo huletwa na sensa ya mkao.

Kwenye gari langu, kama kwenye magari mengi, sensa hiyo ni potenshiomita iliyofichwa chini ya kifuniko cha plastiki juu ya vali. Ndani yake mna ukanda mwembamba wa kaboni, na juu ya ukanda huo kidole kidogo cha chuma huteleza kadiri vali inavyofunguka. Upande mmoja wa ukanda hupokea volti 5 kutoka kwenye kompyuta, upande wa pili umeungwa kwenye ethi ya sensa, na kidole ndicho kinachopeleka ishara. Kidole kikiwa karibu na upande wa ethi, volti za ishara huwa ndogo. Kikisogea kuelekea upande wa volti 5, hupanda. Mara nyingi vali iliyofungwa husoma kati ya volti 0.5 na 1.0 hivi, na iliyofunguka kabisa husoma volti 4 na ushei. Kuna sensa za kisasa zinazotumia sumaku, ambazo hazina kidole wala ukanda wa kusuguana, na hizo haziwezi kupimwa kwa omu kama nitakavyoeleza huko mbele. Lakini volti 5, ethi na ishara hupimwa kwa njia ileile.

Sasa nije kwenye kosa nililolitaja. Rafiki yangu, ambaye ni fundi wa siku nyingi, alipousikia msimbo ule aliniambia, "Kaka, hiyo ni masizi tu. Fungua vali, isafishe, utaniambia." Nilimsikiliza kwa sababu ushauri huo huwa sahihi mara nyingi, nami nilikuwa nimechoka. Niliacha injini ikapoa kabisa, nikaitoa vali, na kweli masizi yalikuwepo, yamegandamana kama lami kavu kwenye mdomo wake. Nilitumia saa mbili kuyakwangua na kuyaosha kwa dawa ya kusafishia, nikirudisha vali na gasketi mpya. Siku ya pili, dakika ya 20, taa iliwaka tena na msimbo ulikuwa uleule.

Nilipokaa kutafakari, niliona kwamba msimbo wenyewe ulikuwa umeshaniambia. Masizi yanapoziba njia ya moshi, kompyuta huona mtiririko haufiki, na msimbo unaokuja aghalabu ni P0401. Masizi yanapoifanya vali ikwame wazi, unaweza kupata P0402, unaosema moshi umezidi. Vali ikiwa nzito kiasi kwamba kompyuta inaiamuru ifike asilimia 30 na sensa inajibu kwamba iko asilimia 12, basi P0404 ndio unaotarajiwa, maana amri na jibu havilingani. Lakini P0405 na mwenzake P0406 ni malalamiko ya umeme: volti zimeshuka chini au zimepanda juu ya mipaka ambayo sensa nzima isingeweza kuifikia hata vali ikwame wapi. Vali iliyoganda imefungwa bado ingesoma volti 0.9. Haiwezi kusoma sifuri kwa sababu ya masizi. Laiti ningeipa tofauti hiyo uzito wake tangu mwanzo, ningejiokolea saa mbili na gasketi moja.

Nikaanza upya kwa utaratibu. Kabla ya kufuta msimbo nilisoma kumbukumbu ambayo kompyuta huihifadhi wakati hitilafu inapotokea, yaani picha ya hali ya injini kwa wakati ule. Watu wengi hufuta msimbo kwanza, na kumbukumbu hiyo hupotea nao. Yangu ilionyesha maji ya injini yakiwa nyuzi 86 za Selsiasi, mizunguko 1,450 kwa dakika, mwendo wa kilomita 62 kwa saa, na amri ya vali ikiwa asilimia 11. Niliziandika namba hizo kwenye daftari. Ile asilimia 11 sikuipa maana yoyote wakati huo, lakini baadaye ndiyo iliyofungua mlango.

Kisha nikawasha swichi bila kupiga stata, nikachagua kwenye mashine vipimo viwili tu, volti za sensa na amri ya vali. Jambo hili la kuchagua vipimo vichache lina uzito kuliko linavyoonekana. Mashine nyingi za kusomea huuliza kompyuta kipimo kimoja baada ya kingine, na ukichagua 15 kwa pamoja, kila kimoja husubiri zamu yake na hitilafu fupi hupita katikati bila kuonekana. Sensa ilisoma volti 0.92 vali ikiwa imefungwa. Nilipoiamuru ifunguke kabisa, ilipanda hadi 4.10 na kurudi. Kwa injini iliyopoa, hakuna aliyeweza kusema sensa hiyo ni mbovu.

Soketi ya vali ina pini 5. Mbili ni za mota inayoifungua vali, na tatu ni za sensa. Hapa natoa tahadhari kwa moyo wote: tafuta mchoro wa nyaya za gari lako na uthibitishe kila waya kabla ya kuugusa. Nyaya za mota zinaweza kubeba volti 12, na ukikosea ukazipeleka volti hizo kwenye waya wa ishara, unaweza kuiunguza kompyuta ya injini, na hapo hitilafu ndogo itakuwa imezaa msiba. Mimi huchokonoa kwa nyuma ya soketi, nikiingiza pini nyembamba kando ya waya hadi iguse chuma, bila kutoboa mpira wa waya, kwa sababu kila tundu unalolitoboa leo ni mlango wa maji na kutu kesho.

Nikaanza na waya wa volti 5, nao ulisoma 5.01. Ungesoma sifuri, au volti 2 zinazoyumba, nisingeendelea na sensa hii hata kidogo, kwa kuwa umeme huo wa volti 5 mara nyingi hugawanywa kwa sensa kadhaa kwa pamoja. Sensa moja ikipiga shoti, zote zinazoshiriki waya ule huanguka, na utaona misimbo mitatu au minne ya vifaa visivyohusiana. Katika hali hiyo unachomoa sensa moja moja huku ukiangalia mita, na ile ambayo volti 5 zinarudi baada ya kuchomolewa ndiyo yenye kosa.

Ethi niliipima kwa namna ambayo naona wengi hawaitumii. Badala ya kupima omu kutoka kwenye waya hadi kwenye bodi ya gari, niliweka ncha moja ya mita kwenye pini ya ethi ya sensa soketi ikiwa imechomekwa, na ncha ya pili kwenye hasi ya betri, swichi ikiwa imewashwa. Mita ilisoma volti 0.02. Chochote kilicho chini ya volti 0.1 nakikubali. Kipimo cha omu kinaweza kukudanganya, kwa sababu waya wenye nyuzi 20 zilizobaki 1 bado utasoma karibu na sifuri mita inapopitisha mkondo wake mdogo, ilhali kipimo cha volti zinazopotea humwonyesha mtu waya ukiwa kazini.

Ni vizuri kuelewa kinachotokea kila waya unapokatika, maana ukielewa hivyo huhitaji kukariri. Waya wa volti 5 ukikatika, ukanda mzima unabaki na ethi tu, na ishara inashuka hadi sifuri: P0405. Waya wa ethi ukikatika, ukanda mzima unapanda hadi volti 5 kwa kuwa hakuna pa kuteremkia, na ishara inakuwa 5: P0406. Mtu anayebadilisha sensa kwa sababu ya P0406 bila kuipima ethi anaweza kubadilisha tatu na zote zikatoa jibu lilelile. Waya wa ishara wenyewe ukikatika, matokeo hutegemea namna kompyuta ilivyoundwa ndani. Kuna zinazouvuta waya mtupu kwenda chini na kuna zinazouvuta kwenda juu. Njia ya kujua ni kuichomoa soketi na kutazama mashine. Nilipoichomoa yangu, mashine ilisoma volti 0.00. Basi nikajua kwamba kwenye gari langu ishara inayokatika popote, ndani ya sensa au nje yake, huonekana kama sifuri, nayo huandikwa P0405.

Soketi ikiwa bado imechomolewa, nikachukua waya mfupi wenye fyuzi ndogo, nikaunganisha pini ya volti 5 na pini ya ishara upande wa kompyuta. Mashine ikapanda palepale hadi volti 4.99. Jaribio hili linachukua dakika moja, nami nalipenda kuliko yote, kwa sababu linamaliza maswali mawili kwa mpigo: waya wa ishara ni mzima kutoka soketi hadi kompyuta, na kompyuta yenyewe inasoma ipasavyo. Kilichobaki ni soketi na sensa. Mashine ingebaki sifuri, ningeanza kuufuata waya, hasa pale unapopita karibu na bomba la moto au unapokunjwa kwenye kona ya chuma.

Hata hivyo majaribio yote hayo niliyafanya injini ikiwa baridi, na ugonjwa wangu ulikuwa wa joto. Nikarudisha soketi, nikawasha injini, nikaiacha ipate moto kamili. Nilizitikisa nyaya kwa mkono kuanzia kwenye soketi, sentimita chache chache, nikimwomba mdogo wangu aitazame mashine na kuniita akiona namba ikiruka. Hakuita. Nikaibonyeza soketi yenyewe pande zote, na namba ikabaki 0.92. Nikaizima injini na kuzikagua pini zake kwa tochi. Zilikuwa safi, hazikulegea, wala hazikuwa na ule ukungu wa kijani wa kutu ya shaba.

Hapo ndipo nilipoikumbuka ile asilimia 11. Nilikuwa nikiipima vali ikiwa imefungwa au ikiwa wazi kabisa, ilhali hitilafu ilitokea ikiwa imefunguka kidogo. Nikaiamuru vali, injini ikiwa bado ya moto na swichi imewashwa, ifunguke kwa asilimia 5, kisha 10, kisha 15, nikisubiri kidogo kila hatua. Kwenye 5 ilisoma 1.08. Kwenye 15 ilisoma 1.40. Kwenye 10 mashine ilionyesha 1.24, ikatulia, na nilikuwa karibu kuendelea nilipoiona 0.00 ikipita kama kope na kupotea.

Mita ya kawaida ya namba haiwezi kukuonyesha jambo la namna hii. Hubadilisha namba zake mara chache tu kwa sekunde, na ishara inayopotea kwa muda mfupi kuliko huo humezwa katika wastani. Oskiloskopu, yaani chombo kinachochora volti kama mstari kwenye skrini, ingeonyesha shimo hilo kama mstari unaotumbukia wima, na mwenye nacho hana sababu ya kutafuta kingine. Mimi sina, ila mita yangu ina kitufe cha kuhifadhi kipimo cha chini na cha juu kilichopita. Nikaichomeka kwenye waya wa ishara, nikabonyeza kitufe hicho, nikaipeleka vali mbele na nyuma kati ya asilimia 8 na 13 mara kumi. Kipimo cha chini kilichohifadhiwa kilikuwa volti 0.03. Kwa vali ambayo hata ikifungwa kabisa husoma 0.92, namba hiyo haina maelezo mengine isipokuwa kidole kilikuwa kikiachana na ukanda.

Wengine wangeishia hapo na kuagiza sensa, na wasingekosea. Mimi nilitaka kuuona ubovu, na kwa kuwa sensa ya gari langu hutoka peke yake kwa skrubu mbili, niliiacha injini ikapoa, nikaitoa na kuiweka mezani. Kati ya pini mbili za nje nilipima kilo-omu 4.6, na kipimo hicho kilibaki vilevile nilipokizungusha kidole. Kati ya pini ya ethi na pini ya ishara, kidole kikiwa kwenye mkao wa vali iliyofungwa, nilipata kilo-omu 0.85. Ukigawa 0.85 kwa 4.6 na kuzidisha kwa volti 5 unapata 0.92, ileile iliyosomwa na mashine, na kuona hesabu ikikubaliana na kipimo namna hiyo kulinipa imani kwamba nilikuwa nikipima kitu kilekile kwa njia mbili.

Kisha nikatoa mita ya zamani ya mshale, ambayo wengi wameshaitupa. Mshale hausubiri zamu ya kusoma. Hufuata kila mabadiliko papo hapo. Nikakizungusha kidole polepole, na mshale ukapanda taratibu bila kutetereka. Mezani sensa ilikuwa baridi. Nikachukua mashine ya kukaushia nywele, nikaipasha kwa dakika kadhaa hadi kifuniko kikawa hakishikiki kwa urahisi, nikakizungusha tena. Mshale ulianza kupanda, na ulipofika karibu na kilo-omu 1.1 ukaruka kwa nguvu hadi mwisho wa skeli, upande wa saketi iliyokatika, ukarudi, na kuendelea kama kwamba hakuna kilichotokea. Nilirudia mara sita. Mara tano uliruka, kila mara mahali palepale. Kilo-omu 1.1 katika 4.6 ni volti 1.2 kwenye gari, yaani karibu asilimia 10 ya mwendo wa vali.

Nilikifungua kifuniko kwa kisu chembamba, kwa kuwa sensa ile haikuwa na kazi tena. Ukanda wa kaboni ulikuwa mweusi unaong'aa kwa urefu wake wote, isipokuwa sehemu moja yenye urefu wa milimita 3 hivi, karibu na mwanzo, ambapo rangi ilikuwa imefifia na kuwa ya kijivu, na katikati yake palikuwa na mchirizi mwembamba ambapo ubao ulio chini ya kaboni ulionekana. Pembeni mwa mchirizi huo palikuwa na vumbi jeusi laini kama la penseli. Mahali hapo ndipo vali inapoishi: kwenye safari ya mwendo wa kawaida kompyuta huichezesha kuzunguka ufunguzi huo mdogo saa nzima, mbele na nyuma, na kidole husugua milimita zilezile kwa miaka. Joto nalo lilikuwa na sehemu yake. Plastiki na chuma hutanuka kwa viwango tofauti, na kidole ambacho kikiwa baridi bado kilikandamiza ukanda vya kutosha, kikipata moto kilinyanyuka kiasi kidogo sana, kikatosha kuachana na pale palipolika.

Kuifunga sensa mpya ilikuwa kazi ya dakika 10, lakini ipo hatua moja ambayo mtu akiisahau atajilaumu. Baada ya kubadilisha sensa au vali, magari mengi huhitaji kompyuta ifundishwe upya mkao wa vali iliyofungwa. Sensa mbili mpya hazilingani kabisa. Moja inaweza kusoma 0.88 na nyingine 0.95 kwenye mkao uleule, na kompyuta ikiendelea kutumia namba ya zamani itadhani vali haijafunga, au imefunga kupita kiasi. Kuna magari yanayojifundisha yenyewe ukiwasha na kuzima swichi, na kuna yanayohitaji amri kutoka kwenye mashine. Langu lilihitaji amri. Sensa mpya ilisoma 0.88 vali ikiwa imefungwa na 4.06 ikiwa wazi kabisa.

Nilifuta msimbo, kisha nikarudia jaribio la asilimia 8 hadi 13 injini ikiwa ya moto, kitufe cha kuhifadhi kipimo cha chini kikiwa kimebonyezwa. Safari hii kipimo cha chini kilikuwa volti 1.13, sawasawa na inavyotarajiwa kwenye asilimia 8. Kisha nikaliendesha gari kwa saa moja na nusu, nikiupanda ule mlima mara mbili kwa gia ya 4, na niliporudi nikaisoma kompyuta tena kutafuta misimbo inayosubiri, ambayo huandikwa kabla taa haijawaka. Haikuwa na kitu. Namba zote za sensa mpya nimeziandika kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari la gari, pamoja na tarehe, volti za ethi, na omu za sensa ikiwa bado haijasuguliwa, ili siku ukanda huu nao ukianza kulika niwe na cha kulinganisha nacho.